Kiti cha Diwani wa Elerai ni cha Nani?

Naomba tuanze na siku tatu za Juni 2013. Zilifuatana, na zote zilikuwa za hapa Arusha.

Ijumaa, tarehe 14. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo ilikuwa na makao yake kwenye majengo ya TANAPA, barabara ya Dodoma, ilitoa hukumu katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Tanzania. Majaji walisema nchi yetu imevunja Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, kwa kumkatalia raia kugombea urais, ubunge au udiwani mpaka awe na kadi ya chama na chama hicho kimsimamishe. Jumamosi, tarehe 15, CHADEMA walikuwa viwanja vya Soweto wakifunga kampeni za udiwani. Likarushwa bomu. Watu wakafa, makumi wakakimbizwa hospitali. Jumapili, tarehe 16, ilikuwa siku ya kupiga kura katika kata 4 za mji huu: Elerai, Kaloleni, Themi na Kimandolu. Vituo havikufunguliwa. Uchaguzi ukaahirishwa, na kura zikaja kupigwa tarehe 14 Julai.

Bomu lilifunika habari nyingine zote za juma lile, na ilistahili iwe hivyo. Lakini kwa sababu hiyo wengi wetu hatukuona kwamba hukumu ya Ijumaa na uchaguzi wa Jumapili vilikuwa jambo moja. Majaji walikaa barabara ya Dodoma wakijibu swali la kwenye karatasi. Swali hilohilo, kwa watu wa Elerai, lilikuwa limeshawanyang'anya diwani. Nalo ni hili: ukimpigia mtu kura, kiti kile unampa yeye, unakipa chama chake, au kinabaki chako wewe mpiga kura?

Wako wasikilizaji vijana ambao mwaka ule walikuwa wanafunzi wa shule ya msingi, kwa hiyo niseme ilikuwaje. Tarehe 31 Oktoba 2010 tulipiga kura. CHADEMA wakachukua ubunge wa Arusha Mjini kupitia Godbless Lema, na madiwani wengi pia. Desemba ikafika zamu ya kumchagua meya. Hapo ndipo moto ulipowaka. Gaudence Lyimo wa CCM akatangazwa meya, na CHADEMA wakakataa katakata. Hoja yao kubwa ilikuwa kura ya Mary Chatanda, katibu wa CCM wa mkoa, aliyekuwa mbunge wa viti maalumu kutoka Tanga. Wakauliza, mbunge wa Tanga anamchaguaje meya wa Arusha? Tarehe 5 Januari 2011 watu wakaandamana, polisi wakafyatua risasi, na watu 3 wakapoteza maisha. Nasema hivi kwa wale wanaodhani mambo ya halmashauri ni madogo, ya mitaro na taka. Mji huu umezika watu kwa sababu ya kiti cha meya.

Baada ya mazishi, madiwani wakarudi kwenye kazi ambayo hakuna anayewaonea wivu: kukaa na mliogombana nao. Katikati ya mwaka 2011 baadhi ya madiwani wa CHADEMA wakafikia muafaka na wenzao wa CCM. Meya aendelee, naibu meya atoke upinzani. Estomih Mallah wa Kimandolu akawa naibu meya. Viongozi wa kitaifa wa CHADEMA wakasema muafaka huo hawautambui, madiwani wajiuzulu nafasi walizopata na waombe radhi. Hawakufanya hivyo. Agosti 2011 Kamati Kuu ikawavua uanachama madiwani 5, wa Elerai akiwamo. Sheria yetu inasema diwani akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichomsimamisha, udiwani nao umekoma. Basi.

Sina nia leo ya kuamua kama muafaka ule ulikuwa wa busara au wa usaliti. Nimewasikia watu wa pande zote mbili, na wote wana la kusema. Wengine wanasema damu ya Januari 5 haikukauka, utakaaje mezani na walewale? Wengine wanasema mji hauwezi kukaa bila baraza linalofanya kazi. Ninachouliza ni kingine. Kamati Kuu ya chama ni watu wangapi? Wangapi kati yao walipiga kura Elerai? Kikao cha chama kilikaa, na kata nzima ikaamka haina mwakilishi. Tangu diwani afukuzwe hadi wananchi walipompigia kura mrithi wake, ilipita karibu miaka 2. Tajiri wa kifodi akigombana na dereva wake, abiria ndio wanaoshushwa Mbauda, na nauli walishatoa.

Sasa nisikilize vizuri, maana kuna jambo linaloonekana kuvunja hoja yangu, nami silifichi. Tarehe 14 Julai 2013 wananchi wa kata zile 4 walipopata nafasi ya kusema, walichagua CHADEMA kote. Kote kunne. Kwa maneno mengine, wapiga kura wa Elerai walikubaliana na chama, si na diwani waliyemchagua mwaka 2010. Mtu wa CHADEMA ataniambia: unaona? Kiti kilikuwa chetu tangu mwanzo, na wananchi wamethibitisha.

Mimi nasema matokeo yale yamethibitisha jambo jingine kabisa. Yamethibitisha kwamba wananchi wana uwezo wa kumhukumu diwani wao wenyewe. Wangeweza kusubiri 2015 wakamhukumu huko. Au, kama sheria ingeruhusu, wangeweza kumwita mapema kwa saini zao. Lakini sheria haikuwapa nafasi hiyo. Iliwapa nafasi ya kuidhinisha au kukataa uamuzi ambao tayari ulikwisha kufanywa na kikao ambacho hawakuwamo. Tena yule diwani hakuweza hata kusimama mbele yao peke yake, bila chama, akawaambia: jamani, nilifanya hivi kwa sababu hii, nipimeni. Ili asimame, ilimbidi kwanza atafute kadi nyingine.

Na hapo ndipo Mchungaji Mtikila anapoingia. Huyu alikuwa mtu wa vurugu kwa maneno, na mimi mengi aliyoyasema kuhusu Watanzania wenzetu wa asili nyingine siwezi kuyatetea. Lakini katika hili la mgombea binafsi alikuwa na subira ya jiwe. Alikwenda Mahakama Kuu Dodoma mwaka 1993. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akampa haki. Serikali ikapeleka muswada bungeni, Katiba ikabadilishwa mwaka huohuo, ushindi ukayeyuka. Mwaka 2005 akarudi mahakamani. Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa haki tena. Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakasema hili ni suala la kisiasa, Bunge ndilo liamue. Akaja Arusha. Chama cha Wanasheria cha Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao walikuwa wamefungua shauri lao, yakaunganishwa. Ndiyo ile hukumu ya tarehe 14 Juni. Jaji Ramadhani alikuwa kwa wakati huo mmoja wa majaji wa mahakama hii ya Afrika, naye kwa haki kabisa hakukaa kwenye shauri hilo.

Ameshinda mara tatu, msikilizaji, na hakuwahi kuona karatasi ya kura yenye jina la mtu asiye na chama. Alifariki kwa ajali ya gari tarehe 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu.

Watu huniambia, hayo ya mgombea binafsi ni mambo ya Wazungu, sisi tuna utaratibu wetu. Basi twende kwenye utaratibu wetu. Agosti 1960, uchaguzi wa kuelekea uhuru. Viti vilikuwa 71 na TANU ilipata 70. Unajua kile kimoja kilichobaki kilikuwa wapi? Kilikuwa Mbulu, ndani ya Jimbo la Kaskazini, ambalo makao yake makuu yalikuwa mji huu huu. Herman Sarwatt alikuwa mwanachama wa TANU, lakini TANU ilimteua mwingine. Akasimama peke yake, watu wa Mbulu wakamchagua, akaingia bungeni, na kule ndani akaunga mkono TANU kama kawaida. Mbingu hazikuanguka. Uhuru haukuchelewa hata siku moja.

Ukipanda zaidi nyuma, na ukipanda mlima kidogo, utamkuta Kirilo Japhet. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Wameru wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo hadi New York mwaka 1952, akazungumza Umoja wa Mataifa. TANU ilikuwa bado haijazaliwa. Alikuwa na kadi ya nani? Alikuwa na watu waliomtuma, wakijua jina lake na ukoo wake.

Kwa hiyo lile sharti la kadi halikutoka kwa wazee. Lilikuja na mfumo wa chama kimoja, na wakati ule lilikuwa na mantiki yake: chama ni kimoja, nje ya chama hakuna siasa. Ajabu ni kwamba mwaka 1992 tuliondoa chama kimoja, sharti tukalibakiza. Hata Mwalimu Nyerere, aliyekijenga chama kile kwa mikono yake, miaka ya 90 aliupinga hadharani uamuzi wa kumzuia mgombea binafsi.

Majirani zetu walishatoka huko. Wakenya wameandika katika Katiba yao ya 2010, ibara ya 85, kwamba mtu asiye na chama anaweza kugombea, ilimradi asiwe ameshika uanachama kwa miezi 3 kabla ya uchaguzi. Uganda katika bunge lililochaguliwa mwaka 2021 walikuwa na wabunge zaidi ya 70 wasio na chama. Sisemi kwamba siasa za Kenya au Uganda ni bora kuliko zetu. Nasema tu kwamba dunia haikuisha.

Lakini leo nataka niwapeleke mbali zaidi ya Namanga. Twende Thailand.

Najua utauliza, Thailand kuna nini cha kujifunza? Nchi ambayo wanajeshi wamepindua serikali mara nyingi, mara ya mwisho Mei 2014. Nchi ambayo mwaka 2023 chama cha Move Forward cha Pita Limjaroenrat kilipata viti vingi kuliko chama chochote, 151, na bado Pita hakuwa waziri mkuu kwa sababu maseneta 250 walioteuliwa wakati wa utawala wa kijeshi walikuwa na kura katika kumchagua waziri mkuu, na wengi wao hawakumpa. Tarehe 7 Agosti 2024 Mahakama ya Katiba ikakifuta chama chenyewe na kuwafungia viongozi wake siasa kwa miaka 10. Juma moja baadaye, mahakama hiyohiyo ikamwondoa waziri mkuu Srettha Thavisin. Agosti 2025 ikamwondoa na Paetongtarn Shinawatra. Kule mahakama inaondoa mawaziri wakuu kama mwalimu wa zamu anavyowatoa watoto mstarini. Utawala wa sheria, ndiyo, wanauita hivyo. Mimi nina mashaka na utawala wa sheria ambao kila mara aliyeshinda kura ndiye anayeshindwa kesi.

Na hata hivyo, ndani ya Katiba ileile ya Thailand ya mwaka 2017, iliyoandikwa chini ya wanajeshi, kuna kifungu ambacho diwani wa Elerai angekitamani. Kule pia mbunge lazima awe na chama. Lakini chama kikitaka kumfukuza mbunge wake, inahitajika robo tatu ya kura za kikao cha pamoja cha viongozi wa chama na wabunge wake. Na akishafukuzwa, kiti hakifi. Anapewa siku 30 atafute chama kingine. Januari 2022 chama tawala cha Palang Pracharath kiliwafukuza wabunge 21 kwa mkupuo, kundi la Thammanat Prompow. Wakahamia chama kingine wakaendelea kukaa bungeni. Chama kikifutwa na mahakama, wabunge wanapewa siku 60. Ndiyo maana mwaka 2024, siku mbili tu baada ya Move Forward kufutwa, wabunge wake 143 walijitokeza wakiwa na chama kipya, kikiitwa Chama cha Wananchi. Walioondoka ni viongozi waliofungiwa. Wengine wote walibaki na watu wao waliowachagua.

Sikiliza tena: Katiba iliyoandikwa chini ya wanajeshi inamlinda mbunge aliyefukuzwa kuliko yetu. Hapo nashindwa hata kucheka.

Pembeni ya Thailand, upande wa mashariki, kuna mfano wa kutisha. Kambodia. Novemba 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikifuta chama kikuu cha upinzani, CNRP, na viti vyake 55 bungeni vikagawiwa vyama vingine, vingi kwa vyama ambavyo havikuwa na kiti hata kimoja. Na si bungeni tu. CNRP walikuwa na maelfu ya madiwani wa kata waliochaguliwa miezi michache nyuma, nao wakaondolewa, viti vikaenda hasa kwa chama tawala. Mwanakijiji alichagua mtu wa upinzani mwezi Juni, Novemba akaambiwa diwani wake sasa ni wa chama alichokikataa. Uchaguzi wa 2018 chama tawala kikachukua viti vyote 125. Huko ndiko unakofika ukikubali kwamba kiti ni cha chama. Kiti kikishakuwa mali ya chama, anayeweza kukishika chama anaweza kushika kata zote kwa siku moja, hana haja ya kuhangaika na wapiga kura.

Upande wa kusini, Malaysia. Hawa ndio naona walikaa chini wakafikiri. Februari 2020 serikali iliyochaguliwa miaka miwili kabla ilianguka kwa sababu wabunge walihama vyama. Watu wakakasirika, kama ambavyo ungekasirika wewe. Mwaka 2022 wakabadilisha Katiba: mbunge akihama chama mwenyewe kwa hiari yake, kiti kinakuwa wazi, arudi kwa wapiga kura. Lakini akifukuzwa na chama, kiti hakipotei. Umeona tofauti? Anayeondoka na anayeondolewa si mtu mmoja. Wa kwanza ndiye aliyevunja ahadi kwa waliompa kura. Wa pili huenda ahadi ndiyo iliyomponza. Si kwamba wamemaliza fitina. Vyama vingine vimejaribu kuandika katiba zao ili mbunge akiunga mkono serikali ahesabiwe amejitoa mwenyewe. Julai 2024 Spika alikataa kutangaza viti 6 kuwa wazi kwa mtindo huo. Wanaendelea kubishana. Lakini angalau wanabishana juu ya swali lenyewe.

Sasa, mzee mmoja nikizungumza naye habari hizi aliniambia: wewe unataka madiwani wanunuliwe. Ukilegeza sheria, kesho mwenye fedha atanunua halmashauri nzima. Ni hoja nzito, kwa kuwa fedha ipo na njaa ipo.

Lakini tazama tuliyoyaona kwa macho yetu. Sheria kali ya kadi ilikuwepo mwaka 2017. Je, ilizuia? Ule ulikuwa wakati wa kuunga mkono juhudi za Rais. Huku Arumeru madiwani wa CHADEMA walijiuzulu mmoja baada ya mwingine, wakaingia CCM. Joshua Nassari na Lema wakapeleka TAKUKURU video ambazo walidai zinaonyesha madiwani wakinunuliwa. Novemba 26 mwaka huo uchaguzi mdogo ukafanyika katika kata 43 nchini, CCM wakashinda 42. Mtu alikuwa anajiuzulu leo, kiti kinatangazwa wazi, chama kipya kinamsimamisha palepale, anarudi na kadi ya rangi nyingine, na uchaguzi umelipiwa na mimi na wewe. Sheria haikumzuia aliyetaka kuuzwa. Ilimpa utaratibu. Ilichoweza ni kumtisha yule ambaye angetaka kusimama ndani ya chama chake aseme hapana.

Na kuna hili la mwisho, ambalo kwangu ndilo linaloudhi zaidi, maana linaonyesha kwamba sheria yenyewe haitumiki kwa wote.

Julai 2017 CUF ya upande wa Profesa Lipumba iliandika barua kwamba wabunge wake 8 wa viti maalumu wamefukuzwa uanachama. Chama wakati huo kimepasuka vipande viwili, kesi ziko mahakamani. Spika akatangaza viti viko wazi, na ndani ya siku chache Tume ya Uchaguzi ikataja wengine 8. Haya. Novemba 2020, wanawake 19 wa CHADEMA wakaapishwa wabunge wa viti maalumu. Chama kikasema hakikupeleka majina yao, kikawavua uanachama. Wakakata rufaa Baraza Kuu, Mei 2022 rufaa ikatupwa. Wakaenda mahakamani. Na muda wote huo walikaa bungeni, wakauliza maswali, wakapokea mishahara, hadi Bunge likamaliza muda wake 2025. Watu wakawapa jina la ugonjwa wa mwaka ule.

Sasa pima mwenyewe. Diwani wa Elerai alipigiwa kura kwa jina lake, na watu waliomwona akipita mitaani. Kama kuna kiti ambacho kinaweza kuitwa cha mtu na wapiga kura wake, ni kile. Akakipoteza. Mbunge wa viti maalumu hakupigiwa kura na mtu yeyote kwa jina. Kiti chake kinatokana na hesabu ya kura za chama, na orodha ya chama. Kama kuna kiti ambacho kinaweza kuitwa cha chama, ni hicho. Na hapo chama kikapiga kelele miaka 5, kiti kisitikisike. Ilikuwa kinyume chake kabisa. Nimewahi kumuuliza mwanasheria rafiki yangu sababu, akasema kesi hazifanani, akaanza kunipa vifungu. Nikamwacha amalize kahawa yake.

Wako watakaosema, peleka malalamiko kwenye mahakama ile ya barabara ya Dodoma. Mwaka 2010 Tanzania ilitoa tamko la kuruhusu raia na mashirika yake kufungua mashauri moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika. Bila tamko hilo Mtikila asingefika pale. Novemba 2019 serikali ililiondoa, na mwaka mmoja baadaye, Novemba 2020, mlango ukafungwa. Mashauri yaliyokuwa ndani yakaendelea. Julai 2020 mahakama ilishasema kwamba kuzuia matokeo ya urais yasihojiwe mahakamani kunavunja Mkataba, na Juni 2023 ikatoa uamuzi kuhusu wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi. Hukumu zinatoka bado, lakini mashauri mapya ya raia wa Tanzania hayaingii. Mwananchi wa Benin na wa Rwanda naye yuko hivyohivyo, serikali zao zilijitoa pia. Tofauti ni kwamba wao hawapiti mbele ya geti kila asubuhi kwenda kazini.

Na gharama yake tuliiona mwaka wa uchaguzi, 2025. Aprili, Tume ilisema CHADEMA hawatashiriki kwa kuwa hawakusaini kanuni za maadili. Wao walikuwa wanadai mabadiliko kwanza, na mwenyekiti wao Tundu Lissu alikuwa ameshtakiwa kwa uhaini. Usinihesabu upande wowote kwa dakika moja, fikiria mtu mmoja tu: mwana-CHADEMA wa Elerai ambaye hakukubaliana na msimamo wa chama chake na alitaka kugombea udiwani. Angefanya nini? Wengine kitaifa walihamia CHAUMMA, wakabadilisha kadi ili wapate karatasi ya kura. Aliyetaka kubaki na imani yake na bado awaombe majirani zake kura hakuwa na mahali pa kupita. Karatasi ya Oktoba 29 haikuwa na nafasi yake. Yaliyofuata siku ile na siku zilizofuata, katika miji mingi na hapa Arusha, tunayajua, na ziko nyumba ambazo hazijaacha kulia. Sisemi mgombea binafsi angeyazuia. Nasema mtu aliyenyimwa sanduku la kura hujiuliza abaki na nini.

Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilikuwa na mgombea binafsi. Mchakato ukakwama, kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haijapigwa hadi leo. Siku katiba mpya itakaporudi mezani, mimi nitakuwa na maombi mawili mafupi, na nayasema hapa ili mbunge wenu na diwani wenu wayasikie. La kwanza, yule anayehama chama kwa hiari arudi kwa wapiga kura, bila kulipwa wala kuteuliwa mahali pengine kabla ya kurudi. Yule anayefukuzwa aendelee hadi muda wake uishe, awe hana chama kama Sarwatt alivyoingia. La pili, mtu aruhusiwe kusimama udiwani kwa saini za watu wa kata yake, wenye kadi za mpiga kura za kata hiyohiyo.

Kuhusu viti maalumu, naona tofauti. Hapo kiti ni cha chama kweli, na chama kinachofuata katiba yake chenyewe kiruhusiwe kubadilisha orodha yake. Najua akina mama wengi hawatakubaliana nami, maana wanasema hapo mwanamke atakuwa mateka wa mwenyekiti wake miaka mitano mizima. Simu zitafunguliwa baada ya taarifa ya habari. Ukipiga, anza na hilo.